Sumu ya Nyuki, Mzio na Moyo

Nyuki mmoja akimwuma mtu, sumu inayoingia mwilini ni kidogo mno: takriban mikrogramu 50 hadi 140. Kwa nguvu ya sumu pekee, bila mzio, mtu mzima mwenye afya angehitaji kuumwa mamia ya mara, pengine elfu moja au zaidi, ndipo maisha yake yawe hatarini. Mwaka 1962, katika Rhodesia ya Kusini ambayo leo ni Zimbabwe, mtu mmoja alivamiwa na nyuki, na miiba 2,443 ikahesabiwa ilipokuwa ikitolewa mwilini mwake. Alipona. Wakati huohuo, wapo watu wanaokufa kwa mwiba mmoja, ndani ya muda usiotosha hata kufika zahanati. Nyuki ni yuleyule na sumu ni ileile. Kinachotofautiana ni mwili unaoipokea. Na katika vifo vya mwiba mmoja, kinachoangusha mtu mara nyingi zaidi ni mzunguko wa damu, pamoja na moyo unaousukuma.

Ni lazima kwanza sumu itenganishwe na mzio, kwa sababu watu huchanganya mambo haya mawili na kuchanganya huko huathiri matibabu. Karibu nusu ya uzito wa sumu kavu ya nyuki ni melitini, protini ndogo inayopasua kuta za seli. Takriban sehemu moja ya kumi ni kimeng'enya kiitwacho fosfolipasi A2, ambacho ndicho hasa mwili wa mtu mwenye mzio hukitambua kama adui. Kipo pia kimeng'enya cha hialuronidasi, kinacholegeza nyama za mwili ili sumu isambae. Mtu akiumwa mara mamia, seli nyekundu za damu hupasuka, misuli humomonyoka, mabaki yake huziba mafigo, na misuli ya moyo yenyewe huweza kudhurika. Hiyo ni sumu kwa maana yake kamili, na haimchagui mtu. Nyuki wa Afrika wanaogopwa duniani kote kwa sababu hii ya wingi. Sumu ya nyuki mmoja wa Afrika haizidi ya nyuki wa Ulaya, lakini kundi lake hutoka kwa haraka, kwa idadi kubwa, na hufukuza mbali. Mwaka 1956 mtaalamu wa Brazil, Warwick Kerr, alichukua malkia wa nyuki kutoka Afrika Kusini na Tanganyika na kuwapeleka nchini mwake. Mwaka uliofuata makundi 26 yaliponyoka karibu na Rio Claro, na kufikia 1990 vizazi vyao vilikuwa vimevuka mpaka na kuingia Texas.

Mzio ni habari nyingine. Huo hauhitaji wingi; huhitaji kumbukumbu. Mwiba wa kwanza huufundisha mwili kutengeneza kingamwili za aina ya IgE dhidi ya sumu hiyo, na mwenyewe hajui lolote, kwa kuwa siku hiyo aliona uvimbe wa kawaida tu. Kingamwili hizo hujipachika juu ya seli za masti, ambazo Paul Ehrlich alizieleza katika tasnifu yake ya mwaka 1878. Seli hizi zimejaa punje zenye histamini na kemikali nyingine nyingi, nazo hukaa pale ambapo mwili hukutana na dunia ya nje: chini ya ngozi, kwenye njia za hewa, katika utumbo, na kandokando ya mishipa ya damu. Mwiba unaofuata ukiingiza sumu ileile, seli hizo humwaga yaliyomo kwa dakika chache.

Kwamba kile kilichovumiliwa mara ya kwanza kinaweza kuua mara ya pili, jambo hilo liliwashangaza hata wagunduzi wake. Mwaka 1901 Charles Richet na Paul Portier walianza kuchunguza sumu ya viumbe wa baharini wakiwa kwenye meli ya Albert I, mtawala wa Monaco. Waliporejea Paris waliendelea na sumu ya aina nyingine ya kiumbe wa bahari, wakitarajia kwamba mbwa waliokwisha kupewa dozi ndogo wangepata kinga. Kinyume chake, mbwa waliopewa dozi ya pili baada ya wiki kadhaa walianguka na kufa upesi. Mwaka 1902 waliliita tukio hilo anafilaksisi, na mwaka 1913 Richet akapewa Tuzo ya Nobel. Kingamwili ya IgE yenyewe haikutambuliwa hadi miaka ya 1966 na 1967, kwa kazi ya Kimishige na Teruko Ishizaka nchini Marekani na ya Johansson na Bennich huko Sweden.

Wadudu wanaohusika ni nyuki, nyigu, dondora na baadhi ya chungu. Mwiba wa nyuki una vishikizo, hivyo hubaki kwenye ngozi pamoja na kifuko cha sumu kinachoendelea kujikamua; unapaswa kutolewa mara moja, kwa kucha au kwa vidole, kwani kinachopunguza sumu ni upesi kuliko namna ya kuutoa. Nyigu huchomoa mwiba wake akauma tena. Siafu huogopwa sana, ila madhara yao hutokana zaidi na kung'ata. Kwa Waswahili waishio Omani na Emirati yupo chungu mweusi anayestahili tahadhari, Brachyponera sennaarensis, mwenye asili ya Afrika na aliyeenea katika Rasi ya Arabuni, ambako huitwa samsum; mwiba wake umesababisha anafilaksisi kwa watu wengi wa huko.

Wengi wanaoumwa hupata maumivu na wekundu wa saa chache. Wengine huvimba mkono mzima kwa siku kadhaa. Hali hiyo husumbua, lakini huwa si hatari isipokuwa uvimbe ukiwa mdomoni au kooni. Mzio wa mwili mzima, kwa mujibu wa chunguzi za Ulaya, umewahi kuwapata kati ya asilimia 0.3 na 7.5 ya watu wazima. Marekani, kati ya 2011 na 2021, vifo 788 viliandikwa kuwa vimetokana na miiba ya nyuki, nyigu na jamii yao, na asilimia 84 ya waliokufa walikuwa wanaume. Jambo la kusikitisha ni kwamba karibu nusu ya watu wanaokufa hivyo hawakuwa na historia yoyote ya mzio wa aina hiyo. Anayesema ameumwa na nyuki tangu utotoni na hajawahi kudhurika hajathibitisha chochote kuhusu mwiba ujao.

Hata kazi ya nyuki haimkingi kila mtu sawasawa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1984 kuhusu wafugaji nyuki wa Ufaransa ulionyesha kwamba walioumwa zaidi ya mara 200 kwa mwaka hawakuwa na mzio wa mwili mzima, ilhali kati ya walioumwa chini ya mara 25 asilimia 45 walikuwa wameupata. Kuumwa mara kwa mara hujenga kingamwili za aina nyingine zinazoizuia sumu kabla haijafika kwenye seli za masti. Kuumwa kwa nadra huacha IgE peke yake uwanjani. Kwa hiyo mrina asali wa Tabora au Katavi anayepanda kwenye mzinga msimu mmoja tu kwa mwaka, na ndugu zake wanaomsaidia kubeba, huenda wamo katika hatari kubwa kuliko mfugaji aliye na nyuki kila siku.

Yanayofuata mwiba kwa mtu mwenye mzio mkali huenda kwa kasi. Mishipa midogo ya damu hutanuka na kuta zake huvuja. Imepimwa kwamba hadi asilimia 35 ya maji ya damu yanaweza kutoka kwenye mishipa na kuingia katika nyama za mwili ndani ya dakika 10. Damu inayorudi moyoni hupungua ghafla, na moyo huenda mbio kama pampu iliyotumbukizwa katika kisima kilichokauka. Presha huporomoka, ubongo hukosa damu, mtu huona giza na kuanguka. Richard Pumphrey wa Manchester, aliyechunguza vifo vya anafilaksisi nchini Uingereza tangu 1992, alikuta kwamba kwa sumu ya wadudu muda wa kati tangu kuumwa hadi moyo au pumzi kusimama ulikuwa dakika 15, ikilinganishwa na dakika 30 kwa chakula. Waliokufa kwa chakula walikabwa zaidi na pumzi. Waliokufa kwa mwiba walianguka zaidi kwa mshtuko wa mzunguko wa damu. Ipo hali inayopotosha hata watabibu: presha ikishuka sana, vipele na wekundu wa ngozi huweza kukosekana kabisa, kwa kuwa damu ya kuifikisha ngozi haipo. Mgonjwa aliyepauka, anayetoka jasho na asiye na kipele hata kimoja anaweza kuwa ndiye mwenye mzio mkali kuliko wote.

Kwa muda mrefu maelezo yaliishia hapo: moyo hukosa damu ya kusukuma, basi hushindwa. Maelezo hayo ni ya kweli lakini hayatoshi, na upungufu wake umegharimu maisha. Moyo wenyewe una seli za masti. Zimo katikati ya nyuzi za misuli yake, zimezunguka ateri za koronari zinazoulisha moyo, na zimo hata ndani ya utando wa mafuta unaojengeka kwenye kuta za ateri hizo kadiri mtu anavyozeeka. Moyo ni miongoni mwa viungo ambavyo mzio huvilenga moja kwa moja, sawa na ngozi na mapafu.

Kila kemikali inayomwagwa hapo ina kazi yake. Histamini, ikishika vipokezi vya aina ya H1, huibana ateri ya koronari. Ikishika vile vya H2, huharakisha mapigo na kuongeza njaa ya moyo kwa oksijeni, wakati uleule ambapo oksijeni hiyo imepunguzwa. Leukotrieni nazo huibana ateri. Kemikali inayoamsha chembe sahani huzifanya zishikamane na kuanza kugandisha damu. Triptasi na kimasi ni vimeng'enya vinavyochochea kumomonyolewa kwa kifuniko cha utando wa mafuta, na kifuniko hicho kikipasuka, bonge la damu hujijenga juu yake na kuziba ateri. Kimasi pia hugeuza angiotensini I kuwa angiotensini II, ambayo nayo hubana mishipa. Hivyo moyo hushambuliwa kutoka pande mbili: damu inayoufikia ni kidogo, na njia za kuipitisha hiyo kidogo zimebanwa.

Mwaka 1950 madaktari wawili wa Marekani, Pfister na Plice, walieleza mgonjwa aliyepata shambulio la moyo katikati ya mzio wa penisilini. Ripoti za aina hiyo zilikaa zimetawanyika hadi 1991, wakati Nicholas Kounis wa Patras, Ugiriki, pamoja na mwenzake Zavras, walipoziunganisha na kueleza kwamba histamini inaweza kubana ateri za koronari na kuleta maumivu ya moyo ya mzio. Leo hali hiyo huitwa sindromu ya Kounis. Dawa, hasa antibiotiki na za kutuliza maumivu, ndizo zinazotajwa zaidi kuisababisha, na miiba ya wadudu hufuatia.

Sindromu hiyo imegawanywa katika aina tatu. Katika aina ya kwanza ateri ni safi. Hubanwa tu, na zikilegea mgonjwa hupona, mara nyingi bila kovu kwenye moyo. Hii ndiyo inayoweza kumpata kijana asiye na historia yoyote ya maradhi ya moyo, na ndiyo inayopuuzwa, kwa sababu hakuna anayetarajia shambulio la moyo kwa mtu wa miaka 25 aliyeumwa na nyigu. Aina ya pili humpata mwenye utando wa mafuta tayari, awe anaujua au haujui. Mzio huweza kuupasua na kuleta shambulio la moyo kamili. Aina ya tatu huwahusu waliowekewa stenti, vibomba vya wavu wa chuma vinavyoshikilia ateri iwe wazi: damu huganda ndani ya kibomba.

Dalili zake ni maumivu au kubanwa kwa kifua, maumivu yanayopanda shingoni au kushuka mkononi, kichefuchefu, jasho baridi na kukosa pumzi. Dalili hizi hufanana mno na hofu, na aliyetoka kuvamiwa na nyuki ana kila sababu ya kuwa na hofu. Ndiyo maana mgonjwa anayelalamika kifua baada ya kuumwa hastahili kuambiwa atulie arudi nyumbani kabla ya kupimwa umeme wa moyo. Kipimo hicho mara nyingi huonyesha mabadiliko katika upande wa chini wa moyo, unaolishwa zaidi na ateri ya kulia ya koronari. Troponini katika damu hueleza kama misuli imedhurika, ila huchelewa kupanda, na kipimo kimoja cha mapema chenye jibu zuri hakifungi mjadala. Mapigo nayo huweza kuvurugika: kuna wanaopata mapigo yasiyo na mpangilio, na kuna ambao moyo, badala ya kwenda mbio, hupunguza mwendo ghafla muda mfupi kabla ya kusimama.

Matibabu huanza pale mtu alipoanguka. Alazwe chali, miguu iinuliwe. Pumphrey, katika makala ya mwaka 2003, alionyesha kwamba baadhi ya waliokufa walipoteza fahamu pale tu walipoinuliwa kuketi au kusimama: damu kidogo iliyokuwa ikirudi moyoni ilibaki miguuni, na moyo ukapiga ukiwa mtupu. Desturi ya kumwinua aliyeanguka, kumkalisha kitini ili apepewe, au kumpakia kwenye pikipiki katikati ya watu wawili, hutokana na huruma ya kweli, na kwa mgonjwa huyu inaweza kumuua. Anayekosa pumzi aruhusiwe kuegemea huku miguu ikiwa imenyooshwa. Anayetapika alazwe ubavu. Mjamzito alazwe ubavu wa kushoto.

Dawa ya kwanza ni adrenalini, nayo haina mbadala. Huchomwa kwenye msuli wa paja, upande wa nje katikati, kwa kipimo cha miligramu 0.01 kwa kila kilo ya uzito, isizidi miligramu 0.5 kwa mtu mzima, na hurudiwa baada ya dakika 5 hadi 15 hali isipotengemaa. Hubana mishipa iliyotanuka, hupunguza kuvuja, hufungua njia za hewa, huimarisha mapigo, na huzizuia seli za masti zisiendelee kumwaga. Vidonge vya Piriton na sindano za haidrokotisoni, vinavyokimbiliwa kwanza katika vituo vingi, hutuliza mwasho na uvimbe wa baadaye. Havipandishi presha iliyoporomoka, na dakika zinazotumika kuvitafuta ni dakika zilizopotea. Maji ya mishipani nayo yanahitajika kwa wingi, kwa kuwa theluthi ya maji ya damu huenda imeshatoka.

Hapa ndipo moyo huleta ugumu wa kweli. Adrenalini huongeza kazi ya moyo na huweza yenyewe kubana ateri za koronari. Kwa hiyo daktari anayeona umeme wa moyo uliobadilika husita. Kusita huko kunaeleweka, lakini mgonjwa ambaye presha yake imeshuka kwa anafilaksisi hufa kwa kukosa adrenalini kuliko anavyokufa kwa kupewa, na miongozo ya tiba haitaji kizuizi chochote cha lazima cha kuitumia katika hali hiyo. Kinachodhuru zaidi ni njia inayotumika kuichoma. Uchunguzi uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2015 ulikuta madhara ya moyo na mishipa katika asilimia 1.3 ya dozi zilizochomwa kwenye msuli, na katika asilimia 10 ya dozi zilizosukumwa moja kwa moja kwenye mshipa. Adrenalini ya mshipani ni ya mahali penye mashine ya kufuatilia moyo na mtaalamu anayejua kuipunguza nguvu na kuitiririsha polepole.

Mgonjwa ambaye presha yake haijashuka lakini ateri zimebanwa hutibiwa kwa dawa za kulegeza ateri, kama naitreti na zile zinazozuia kalisiamu, pamoja na dawa za mzio. Mwenye ateri iliyoziba hupewa tiba kamili ya shambulio la moyo. Mofini hutumiwa kwa uangalifu, kwa sababu yenyewe huchochea seli za masti. Wanaotumia dawa za kuzuia beta, kama atenololi na propranololi, wanaweza kuitikia adrenalini kwa udhaifu, na kwao glukagoni ya mshipani husaidia. Hiyo si sababu ya mwenye presha kuziacha dawa hizo kwa hofu ya nyuki. Kuziacha ghafla kuna hatari yake, na uamuzi ni wa kuzungumza na daktari.

Aliyepona akae chini ya uangalizi kwa saa kadhaa, kwani wimbi la pili huweza kuja baada ya la kwanza kutulia, mara chache hata siku ya pili au ya tatu. Penye maabara inayoweza, damu ichukuliwe ndani ya saa moja au mbili ili kupima triptasi, kisha irudiwe wiki kadhaa baadaye mtu akiwa mzima. Triptasi inayobaki juu ya mikrogramu 11.4 kwa lita hata wakati wa uzima huashiria kwamba huenda seli za masti ni nyingi kupita kawaida, maradhi yaitwayo mastositosi. Katika uchunguzi wa Italia wa mwaka 2009, kati ya wagonjwa 379 wenye mzio wa mwili mzima wa sumu ya wadudu, 44 walikuwa na kiwango hicho. Hao ndio hasa wanaoanguka kwa presha bila vipele.

Tiba ya kuzuia ipo, nayo ni sumu yenyewe. Kwa miaka mingi madaktari walitumia maji ya wadudu waliosagwa wazimawazima, hadi mwaka 1978 uchunguzi wa Hunt na wenzake huko Baltimore ulipoonyesha kwamba maji hayo hayakuwa na faida zaidi ya sindano tupu, ilhali sumu halisi ilikinga. Mgonjwa huanza na dozi ndogo sana, hupandishwa hadi mikrogramu 100, kisha huendelea kuchomwa kila baada ya wiki nne au zaidi kwa miaka mitatu hadi mitano. Hukinga zaidi ya asilimia 90 ya wenye mzio wa nyigu na takriban asilimia 80 ya wenye mzio wa nyuki, na wengi hubaki salama hata baada ya kuacha. Wenye mastositosi hushauriwa kuendelea nayo maisha yao yote, kwa kuwa wapo walioiacha wakafa kwa mwiba uliofuata.